Operesheni ya kupunguza unene na vipimo vya ini kupanda, mwenye uzoefu naomba anisaidie

MamaZai_Ngamiani

Asalaam aleykum na habari zenu wote. Mie niko Tanga mjini, miaka 38, watoto watatu, nauza vitenge na mashuka. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja nilikwenda India kufanyiwa operesheni ya kupunguza unene. Nilikuwa na kilo 127 na urefu wangu sentimita 160, sukari ilishaanza, presha ipo, magoti ndo usiseme, kupanda daladala mpaka konda anishike mkono. Na ultrasaundi ilishaonyesha ini lina mafuta mengi. Kabla ya operesheni wakanipa wiki mbili za kunywa vitu vya maji maji tu na protini, wakasema ini langu limevimba linaziba tumbo, linatakiwa lisinyae kidogo daktari apate nafasi. Alhamdulillah ikaenda salama nikarudi nyumbani.

Saivi ni mwezi wa saba nina kilo 86. Sukari imeshuka nimeachishwa dawa, natembea toka Ngamiani mpaka sokoni sisimami njiani. Watu wananiona wanasema mwenzetu umerudi usichana.

Sasa wiki iliyopita nilikuwa najisikia nimechoka choka nikaenda kupima damu, vipimo vya ini. ALT imetoka 94 na AST 71, na kabla ya operesheni ALT yangu ilikuwa 52. Aliyenipa majibu kaniangalia akaniambia mama ini lako linaharibika, basi, hakuongeza neno, akaita mwengine. Wallahi toka siku hiyo usingizi sina. Nilifanyiwa operesheni ili ini lipone, sasa imekuwaje limezidi? Macho yangu si ya manjano nimejiangalia kwenye kioo mpaka nimechoka.

Jengine, mama mkwe wangu kaja toka Muheza na chupa mbili za dawa ya mizizi ya kuchemsha, anasema ya kusafisha ini, ninywe kikombe asubuhi na jioni. Nampenda sana mama yule na operesheni yangu yeye ndo alinilelea watoto, sitaki kumvunja moyo. Ninywe nisinywe? Na ni kweli waliokatwa tumbo mwisho wao ni ini? Kuna dada mmoja wa dukani kwa jirani ndo kaniambia hivyo. Naombeni msaada wenu jamani.

Mpima_Damu

Waaleykum salaam dada, pole sana. Mimi kazi yangu ni maabara, si daktari, kwaiyo nitakuambia upande ninaoujua.

Kwanza hiyo kauli uliyopewa haikuwa ya haki kwako. ALT na AST ni vitu vinavyokaa ndani ya seli za ini, seli zikipata misukosuko vinavuja kwenye damu sisi tunavipima. Namba ikipanda inasema kuna kitu kinalisumbua ini, haisemi ini limekufa wala haisemi linafanya kazi kiasi gani. 94 kwa maabara nyingi ni kama mara mbili na kitu ya kiwango cha juu, ipo juu ndio, lakini kuna watu wana homa ya ini kali zinafika elfu na zaidi. Alafu AST inakaa na kwenye misuli pia, mtu anayepungua haraka anapoteza na misuli.

Ukitaka kujua ini linafanya kazi unaangalia mengine. Albamini, hiyo ni protini inayotengenezwa na ini lenyewe. Bilirubini, hiyo ndo ikizidi macho yanakuwa manjano. Na muda wa damu kuganda. Hivyo vitatu umepimwa? Kama hukupimwa basi umeonyeshwa robo ya picha ukaambiwa ndo sura nzima.

Kuhusu kwanini ipande wakati unapungua, iko hivi, mafuta uliyokuwa nayo mwilini hayapotei hewani, yanayeyuka yanaingia kwenye damu na njia yake kubwa ni ini. Umetoa kilo 41 kwa miezi saba, hilo ini limepitishiwa mzigo wa mwaka mzima kwa miezi michache. Kwa baadhi ya watu vipimo vinapanda miezi ya mwanzo vikashuka vyenyewe, na kwa wengi mafuta ya kwenye ini yanapungua sana au yanaisha kabisa. Lakini usichukulie kwamba na wewe ni hivyo tu mpaka tujue mengine.

Nijibu haya: operesheni yako hasa ilikuwa ya aina gani, maana kukatwa tumbo kuna aina nyingi. Unakula nini kwa siku, yaani kweli kweli. Dawa gani unameza, zote hata za kuungaunga na chai za kupungua. Na homa ya ini B umewahi kupima? Chanjo yake kwa watoto Tanzania imeanza 2002, sisi wakubwa wengi hatujachanjwa na mtu anaweza kukaa nayo miaka bila kujua.

Hizo chupa mbili ziweke pembeni kwanza.

Shangazi_wa_Pangani

Mwanangu MamaZai pole, umenikumbusha mbali. Mie nilifanyiwa ile ya slivu, wanakata mfuko wa chakula unabaki kama ndizi, utumbo hawaugusi. Mwezi wa nne vipimo vya ini vilipanda na mie nikalia kama wewe, daktari akaniambia tulia, tupime tena baada ya wiki sita. Vikashuka. Mwaka ulipofika ultrasaundi ikaonyesha ini safi, mafuta kidogo sana.

Kilichonipata mie kilikuwa kingine. Mwezi wa tisa nikaanza kuumwa chini ya mbavu upande wa kulia, nikila tu kitu cha nazi nzito naumwa mpaka mgongoni kwenye bega, natapika, nikadhani vidonda vya tumbo. Kumbe mawe ya nyongo. Kupungua haraka kunafanya nyongo igande itengeneze mawe, na wengine wanapewa vidonge vya kuzuia miezi sita ya mwanzo, mie sikupewa, au nilipewa sikufatilia, sikumbuki. Nikatolewa mfuko wa nyongo wenyewe. Kwaiyo na wewe ukienda omba na ultrasaundi, mawe yakiziba njia ya nyongo vipimo vya ini vinapanda pia.

Kuhusu mama mkwe, mie ni mama mkwe pia nakuambia, usimfiche ukamwaga dawa nyuma ya nyumba, atajua na itamuuma. Mwambie mama, daktari kasema mpaka vipimo vya pili nisiongeze kitu chochote, nikiongeza hatutajua kipi kimefanya nini. Mpe na kazi ya kukupikia supu ya samaki. Mtu anataka aone mkono wake umekusaidia, mpe pa kuuweka huo mkono.

Kaka_Chumbageni

Mimi naomba kusema ukweli hata kama utauma. Hizi operesheni mimi nilisoma zamani watu walikufa kwa ini kushindwa kufanya kazi, tena Marekani huko huko. Leo wanakuja kutuambia salama. Dada jirani yake hajakosea. Mungu kakupa utumbo mita kadhaa wewe unaenda kuupunguza, hapana.

Pia kama unakunywa kidogo acha. Najua mama wa Ngamiani sidhani, lakini kuna jamaa yangu alifanyiwa na bado mnazi anakunywa, glasi moja tu anakuwa kama kanywa lita.

Mpima_Damu

Kaka ulichosoma kipo, ila ni operesheni nyingine. Kuanzia miaka ya 1950 mpaka 1970 na kitu walikuwa wanaunganisha utumbo juu na chini karibu utumbo wote mwembamba unarukwa, chakula hakifyonzwi, watu walipungua kweli ila wakapata maini kushindwa, mawe ya figo, utapiamlo. Ikaachwa kabisa. Ya leo si ile. Ila hofu yako ina mzizi wa kweli kwa maana moja, kadiri utumbo mwingi unavyorukwa ndo hatari ya ini na utapiamlo inavyoongezeka, ndo maana nimemuuliza dada ni aina gani. Na hilo la pombe umesema kweli, baada ya operesheni hizi pombe inaingia kwenye damu haraka na kwa wingi kuliko zamani.

MamaZai_Ngamiani

Nimesoma yote nimewashukuru sana, Shangazi maneno yako nimeyafanya vile vile na mama kaelewa, kaenda kununua samaki changu saa hizi.

Nimefungua begi la karatasi za India. Mie siku zote nikijua ni slivu maana yule wakala aliyenipeleka ndo alivyokuwa akisema. Kumsomesha mwanangu karatasi inasema ni baipasi ndogo ya kiungo kimoja, yaani mfuko wa chakula umepunguzwa ukaunganishwa na utumbo wa chini zaidi, sentimita 200 za utumbo zimerukwa. Sikujua. Nilisaini karatasi nyingi siku ile.

Chakula nawaambia ukweli. Asubuhi uji wa sembe kikombe, mchana nakula mihogo au wali vijiko vitatu vinne na mchuzi, jioni chai ya tangawizi na kipande cha mkate. Nyama na samaki vilinikwama mwezi wa pili nikatapika vibaya toka hapo naogopa. Unga wa protini niliotoka nao uliisha mwezi wa tatu na hapa nilipouliza bei nikashindwa. Vitamini nilimeza mpaka zikaisha. Mgongo ukiuma nameza diklofenaki na panadoli, si kila siku. Na kuna chai ya majani ya kupunguza tumbo niliagiza mtandaoni naitumia mwezi wa pili huu, mana nilikuwa naogopa kilo zisirudi. Pombe sinywi kabisa. Homa ya ini sijawahi kupima.

Choo samahanini kwa kusema, kinaelea kina mafuta na kinanuka sana, naenda mara nne tano. Nilidhani ndo kupungua kwenyewe. Na viatu jioni havinivai miguu inajaa, nikibonyeza kidole kinaacha shimo, ila hiyo nadhani ni kusimama dukani kutwa.

Nesi_Korogwe

Mama Zai mimi ni nesi, nilikuwa nasoma tu kimya lakini hiyo mistari yako ya mwisho imenifanya niandike. Dada yangu hiyo miguu si ya kusimama dukani. Ulisimama dukani na kilo 127 na hukusema miguu ilikuwa ikibonyea. Miguu kujaa, choo cha mafuta, chakula bila protini, uchovu, na baipasi ya sentimita 200, hivyo vikikaa pamoja vinaelekea kwenye upungufu wa protini mwilini, na ndo unaoweza kulichosha ini hata likajaza mafuta upya wakati wewe unakonda. Ni kama mtoto wa utapiamlo, tumbo na miguu vinajaa ilhali mwili umeisha. Usingoje wiki sita za Shangazi, yeye alikuwa na slivu na alikuwa anakula. Wewe nenda kesho. Nenda hospitali ya Bombo na karatasi zako zote za India, usiende na karatasi ya ALT peke yake. Waambie ni baipasi, taja hizo sentimita, waonyeshe miguu. Omba albamini, bilirubini, damu kuganda, wingi wa damu, homa ya ini B na C, ultrasaundi.

Chai ya kupunguza acha leo hii, si kesho. Vitu vya kupunguza mwili vya mitandaoni vingi havisemi ndani kuna nini, na vingine vinaharibu ini hata la mtu mzima wa afya. Peleka na pakiti yake wakaione.

Diklofenaki mtu wa baipasi haitakiwi kabisa, pale tumbo lilipounganishwa na utumbo panatoka kidonda kinachovuja damu. Panadoli ndo inaruhusiwa lakini mtu asiyekula vizuri akiba ya ini ya kuivunja inapungua, kwaiyo usimeze kwa kukadiria, daktari akuandikie kiasi.

Kitu kimoja naomba ukisome mara mbili. Kama unatapika tapika bado, au miguu inakufa ganzi, au unaona vitu viwili viwili, au unayumba ukitembea, sema hapo hapo mapokezi. Hiyo ni vitamini B1 imeisha, mwili hauna akiba yake kubwa, na ikichelewa inaharibu ubongo. Inatakiwa ya sindano tena kabla hujawekewa dripu ya sukari. Macho kuwa manjano, kuchanganyikiwa, tumbo kujaa maji au kutapika damu, hizo usiku huo huo.

Chakula mpaka utakapoonana nao usijilazimishe kula kingi ghafla, mwili uliokaa na njaa ukishibishwa kwa pupa unaweza kudhurika, wao watakupandisha taratibu. Ila badilisha mpangilio tu, protini itangulie mdomoni kabla ya wali na mihogo. Mtu kama wewe analengwa gramu 60 mpaka 80 kwa siku, na wa baipasi wengine wanaambiwa zaidi. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa kama 8. Tanga ndo kwenye maziwa bwana, maziwa mgando yanapita kirahisi kuliko nyama. Samaki mchemshe mpaka awe laini, toa miba, msage na mchuzi wake, vijiko viwili vitatu, pumzika, rudia baada ya masaa mawili. Changu wa mama mkwe umfanye hivyo hivyo. Dagaa wa kusaga unaweza kutia kwenye uji. Unga wa protini wa kopo usikuumize roho.

Na karanga na mahindi uangalie visiwe na ukungu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu ya kwenye nafaka, na sumu hiyo inapiga ini moja kwa moja.

Kaka_Chumbageni

Dada nilisema kwa ukali naomba radhi. Kama usafiri wa kwenda Bombo ni shida nina bajaji niko Chumbageni, nitumie ujumbe nitakupeleka asubuhi bure.

MamaZai_Ngamiani

Nashukuru Kaka, mume wangu ndo alinipeleka ila Mungu akulipe. Samahanini kwa kukaa kimya siku kumi na mbili, nililazwa.

Albamini ilitoka 26. Daktari akaniambia inatakiwa kuanzia 35. Wingi wa damu 9.1. Homa ya ini B na C zote sina, nikachanjwa ya kwanza ya B palepale na nimepewa tarehe ya pili. Bilirubini iko sawa, damu kuganda imechelewa kidogo wakanipa sindano ya vitamini K ikarekebika, daktari akafurahi sana kwa hilo, akasema ingekuwa ini lenyewe limeshindwa isingerekebika kirahisi hivyo. Ultrasaundi mafuta bado yapo na kwenye nyongo kuna tope tope, mawe hamna.

Yule daktari alikaa na mie karibu nusu saa na karatasi ya India, akanichorea. Akaniambia operesheni yenyewe haikukosewa, kilichokosewa ni mie kurudi bila mtu wa kunifatilia, maana mwenye baipasi ni mgonjwa wa kliniki maisha yake yote hata akiwa mzima, vitamini ni za kila siku mpaka kufa, damu inapimwa kila miezi mitatu mwaka wa kwanza. Mie niliporudi niliambiwa na wakala nikipata shida nipige simu, nikapiga mara mbili haikupokelewa nikaacha. Nikakumbuka hiyo kauli ya ini linaharibika nikamwambia, akanyamaza kidogo akasema ungekuja na hiyo peke yake pengine na mimi ningekuambia mafuta yanayeyuka rudi baada ya miezi miwili.

Nilipewa B1 ya sindano siku tatu, maziwa maalumu kidogo kidogo, vidonge vya kusaidia kusaga chakula ninavyomeza na kila mlo, choo kimebadilika. Miguu imepungua, jana nimevaa viatu vyangu vya kufunga toka asubuhi mpaka magharibi. ALT nilipotoka 81. Wanataka niende Muhimbili kwa daktari wa ini mwezi ujao na kuonana na mpasuaji, maana kama albamini haitapanda ikabaki juu kwa kula vizuri itabidi utumbo uliorukwa upunguzwe, operesheni nyengine. Hilo linanitisha sana na nauli na malazi ya Dar sijui nitayatoa wapi, ila kwanza nile.

Shangazi, mama mkwe anasaga samaki kwenye kinu mwenyewe hataki nimsaidie, anapima kwa kijiko anaandika kwenye daftari la mtoto. Zile chupa mbili karudi nazo Muheza.

Shangazi_wa_Pangani

Mwanangu nimelia. Ukipata tarehe ya Muhimbili nambie, nina mdogo wangu Mbagala ana chumba, hutolala gesti. Na uende na huyo mama na daftari lake, daktari atalitaka.

Nesi_Korogwe

Albamini 26, kweli ungeendelea vile usingemaliza miezi miwili ukiwa umesimama. Hongera kwa kwenda. Albamini inapanda polepole sana, usikate tamaa ukipima baada ya wiki mbili ukaikuta 28. Ukirudi kliniki waulize vitamini A, D, B12 na madini ya chuma, choo cha mafuta kinaondoka na A na D. Na kama wewe na baba watoto hamtumii uzazi wa mpango ongeeni na nesi wa kliniki kabla ya kingine chochote. Mimba inasubiri mwaka mmoja mpaka mmoja na nusu toka operesheni, kwako na zaidi, na vidonge vya kumeza kwa mtu wa baipasi na choo kama chako usivitegemee, kuna kijiti na kitanzi.

MamaZai_Ngamiani

Hilo la vidonge sikuwa nalijua, navimeza toka mwezi wa tatu. Jumatatu nipo kliniki asubuhi.